Wapiga Kafi wa Simi-Simi

Mto Kongo unapofika Simi-Simi umekwisha kutuliza hasira zake. Kilomita chache juu, upande wa mashariki wa jiji la Kisangani, maji yameshuka poromoko la mwisho kati ya saba ya Boyoma, pale Wagenia waliposimika magogo yao ya kuvulia samaki. Kutoka Ubundu hadi hapo mto huanguka karibu mita 60 katika mwendo wa kilomita zipatazo 100. Kutoka hapo hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700, na katika safari yote hiyo maji hushuka kama mita mia moja tu. Juu ya jiji meli haipiti, ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 hadi Ubundu, ikafunguliwa mwaka 1906. Chini ya jiji meli hupita mpaka mji mkuu.

Simi-Simi iko magharibi, ukingo wa kulia, njia ya kwenda Yangambi. Nje ya Kongo jina hili likitajwa, hutajwa kwa ajili ya uwanja wake wa ndege. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji waliruka hapo kutoka kwenye ndege za Marekani, wakija kuwatoa mateka waliokuwa mikononi mwa waasi wa Simba. Asubuhi ile imeandikiwa vitabu. Watu wanaoteremka ukingoni kila siku na kafi begani hawakuandikiwa kitu cha kutosha, nami leo nataka tuzungumze habari zao, kwa sababu naamini jiji letu lina mabingwa wa maji ambao nchi nyingine zingewalipa wafundishe, na sisi tunawaacha wazeeke na ujuzi wao.

Tuanze na chombo chenyewe. Mtumbwi wa huku ni gogo moja, la mvule kwa mfano, lililochongwa kwa shoka na tezo. Fundi hana mchoro. Hutazama namna mti ulivyolala, akaamua upande upi utakuwa tumbo na upi utakuwa mdomo, kisha huanza kutoa mbao kidogo kidogo akipapasa ubavu kwa kiganja, maana ukizidi kuwa mwembamba utapasuka juani na ukizidi kuwa mnene utamlemea mpigaji. Ncha zote mbili huachwa na kipande bapa ambacho mtu anaweza kusimama juu yake. Kusimama ndiko kila kitu. Mkaaji wa Ulaya hupiga kafi akiwa ameketi, miguu imenyooshwa mbele. Mgenia na jirani yake wa chini ya mto, Mlokele, husimama wima, unyayo mmoja mbele, mwingine nyuma, juu ya ubao wenye maji na utelezi.

Kafi yake ni ndefu kuliko yeye, na jani lake limechongwa kama ncha ya mkuki. Mtazame kwa karibu anavyofanya kazi. Hulitumbukiza jani lote, huuegemea mpini kwa kifua na mapaja, kisha huunyoosha mgongo. Mikono inashika tu. Kijana anayepiga kwa nguvu za mikono huchoka kabla ya kufika kisiwa cha kwanza, na hapo mzee aliye nyuma humwambia akae chini afue maji. Wakiwa wanne au kumi, kafi zao huingia majini pamoja na kutoka pamoja, wimbo ukiwapangia mapigo. Aliyesimama nyuma kabisa hapigi sana. Yeye ndiye macho na usukani: hugeuza jani lake ubavuni mwa chombo nyuzi chache, na mtumbwi wenye urefu wa nyumba unageuka.

Mgeni anayesimama Simi-Simi akitazama watu wavukao kwenda ukingo wa kushoto hudhani mtumbwi umepotea njia. Mtu anataka kwenda ng'ambo iliyo mbele ya macho yake, lakini anaanza kwa kupanda mto, akiambaa ukingoni, mahali ambapo maji ni mazito na nyuma ya kila gogo au rasi ndogo yanarudi kinyume. Maji hayo yanayorudi humsukuma bure. Akishapanda vya kutosha huelekeza omo juu, upande kidogo, halafu anaingia kwenye mkondo. Hapo mto wenyewe ndio unaomvusha. Kazi yake ni kulinda pembe ile isipotee, kwa sababu omo ukigeuka kuelekea chini mapema atajikuta mbali sana na soko analoliendea. Walimu wa kayaki huko Ufaransa hufundisha jambo hilihili katika masomo ya mwanzo, kwa ubao na kalamu. Hapa mtoto wa miaka tisa amelijua kabla ya kujua kuandika jina lake, na hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni elimu.

Nimekaa mara nyingi katikati ya mitumbwi hiyo, magunia ya mkaa mbele yangu, mama na kwanga zake nyuma yangu, kuku wawili wamefungwa miguu kwenye ubao. Jicho huenda lenyewe ukingoni mwa chombo. Kati ya mbao na maji umebaki upana wa vidole vinne. Mtumbwi ukiyumba vinakuwa vitatu. Mama anachota maji ya chini kwa bidoni la njano lililokatwa nusu, anayamwaga, anaendelea kuongea na jirani yake bila kupandisha sauti. Nyuma, mzee anayeongoza anasoma uso wa mto: mstari laini ulionyooka ni mkondo wenye kina, mikunjo midogo inayosimama mahali pamoja ina mwamba au mti chini yake, duara zinazobubujika na kutawanyika ni maji yanayopanda kutoka chini, na hayo hayatabiriki. Anaviona vyote kwa mbali akiwa amesimama. Aliyeketi asingeviona.

Wagenia wana ujuzi wao wa pekee. Kwenye poromoko la mwisho wamepigilia magogo katika mashimo ya mwamba, wakayafunga kwa kamba za msituni, wakaning'iniza chini yake vikapu vikubwa vyenye umbo la pembe, mdomo umekabili maji. Samaki anayeletwa na mkondo huingia na hawezi kurudi. Wavuvi hukwea magogo hayo, huinua vikapu, na kuna mahali ambapo hakuna njia ya kuvifikia ila kwa mtumbwi, katikati ya povu. Kila ukoo una sehemu yake ya kuvulia. Watalii hupiga picha za magogo. Kwangu mimi ajabu kubwa zaidi ni ile mitumbwi inayoshikiliwa pale, mita chache kutoka kwenye maanguko, na watu wawili tu, kafi mbili tu, huku wa tatu akiinamia kikapu.

Katika nchi za baridi mchezo wa kayaki na kanuu umeota mizizi kwenye mito ya milimani yenye maji maangavu na samaki wa trauti. Sisi hatuna trauti. Maji yetu ni ya vuguvugu na ya rangi ya chai, na samaki wake ni mbenga mwenye meno ya kutisha na kapitene. Wakenya wana trauti: mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta samaki hao kutoka Scotland wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare, na tangu hapo wameenea kwenye vijito vya Mlima Kenya. Sagana, unaoteremka kutoka mlima huohuo, leo una vijana wanaoishi kwa kuongoza kayaki na boti za mpira. Jinja, Uganda, vijana wa Kisoga na Kiganda walianza kwa kuwatazama wageni wakicheza kwenye mawimbi ya Nili. Sasa wao ndio walimu, na wageni ndio wanafunzi. Wamefanya hivyo huku mto wao ukipunguzwa. Bwawa la Bujagali lilipoanza kazi mwaka 2012 maporomoko yaliyoitwa kwa jina hilo yalizama, na Isimba lilipofuata mwaka 2019 likafunika mengine. Kisangani tunalijua jambo hilo: maporomoko ya mto Tshopo yalipewa bwawa la umeme katika miaka ya 1950, na taa za jiji zinategemea hapo mpaka leo. Sisemi tuzime taa. Nasema maporomoko ni mali, na mwenye mali anapaswa kujua anachokitoa anapokitoa.

Mbio za kayaki na kanuu ziliingia rasmi katika Olimpiki ya Berlin, 1936. Mwaka 2008, Beijing, Benjamin Boukpeti aliipatia Togo medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba, katika slalomu ya kayaki, yaani kupita kati ya milango iliyoning'inizwa juu ya maji yanayokimbia. Alizaliwa Ufaransa na kujifunzia huko. Togo ilishangilia, na ilikuwa haki yake kushangilia. Lakini mtu wa Kisangani akiitazama ile slalomu anakitambua kinachofanyika: panda kwa maji yanayorudi, kamata pembe, vuka mkondo, zunguka mwamba. Tofauti ni kofia ngumu, jaketi la kuokolea, chombo kilichofunikwa kisiingie maji, na kocha mwenye saa mkononi.

Historia ya mto wetu nayo imeandikwa kwa majina ya watu waliokuwa wameketi katikati ya chombo. Januari 1877 Henry Morton Stanley alishuka Boyoma, na kwa miaka mingi maporomoko hayo yaliitwa kwa jina lake, na jiji pia, mpaka lilipoitwa Kisangani mwaka 1966. Waliovibeba vyombo msituni kuyakwepa maanguko, wakikata njia kwa shoka huku wenyeji wakiwarushia mishale na wao wakijibu kwa bunduki, walikuwa Waswahili, wangwana kutoka Zanzibar na pwani. Kiswahili tunachosema Kisangani kina chimbuko lake katika misafara ya namna hiyo na katika ile ya mfanyabiashara Tippu Tip.

Mmoja wao aliitwa Uledi. Alikuwa msimamizi wa mashua iliyoitwa Lady Alice, mashua ya vipande iliyoweza kufunguliwa na kubebwa. Katika moja ya maporomoko haya, mtumbwi mmoja ulichukuliwa na mkondo. Wenzake walijitupa wakaogelea, lakini mtu aitwaye Zaidi alibaki chomboni mpaka kikagonga mwamba kwenye ukingo wa maanguko na kupasuka. Akabaki ameng'ang'ania kipande kilichokwama, maji yakipita pande zote mbili, rafiki zake wakimwona kutoka ukingoni na hawana la kufanya. Wakasokota kamba za msituni na kamba za mahema, wakafunga mtumbwi, wakaulizana nani ataingia. Uledi alijitokeza, na kijana Marzouk akafuata. Walimfikia Zaidi, wakamrushia kamba akaishika, lakini kamba zilizoshikilia mtumbwi zikakatika. Wote watatu wangekwisha kama mtumbwi usingesukumwa kwenye kisiwa kidogo cha mawe katikati ya maanguko. Walilala hapo usiku kucha, wamezungukwa na ngurumo. Kesho yake watu walitupa kamba hadi zikawafikia, wakavutwa mmoja baada ya mwingine.

Kisa hiki kimo katika kitabu cha Stanley mwenyewe, Through the Dark Continent cha mwaka 1878. Nimekisimulia kwa urefu kwa sababu watoto wetu wanafundishwa jina la Stanley na hawafundishwi la Uledi. Miezi michache baadaye mto wa chini ulikula wengi wa msafara ule, hata Mwingereza Frank Pocock, aliyezama tarehe 3 Juni 1877.

Wa zama zetu wameendelea kuja. Mwaka 2008 Mwingereza Phil Harwood alishuka na kanuu kutoka chanzo cha mto nchini Zambia hadi baharini, akapita hapa kwetu. Mwaka 2010 Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, aliyekuwa amezoea maji ya Nili, aliongoza Wamarekani wawili kwa kayaki kutoka Uganda kuingia Kongo. Tarehe 7 Desemba, katika mto Lukuga, mamba alimchukua kutoka kwenye kayaki yake. Lukuga hutoa maji ya Ziwa Tanganyika na kuyapeleka Lualaba, ambao ndio Kongo wa juu, kwa hiyo maji yale hatimaye hupita Simi-Simi. Mwaka uliofuata Steve Fisher, naye wa Afrika Kusini, na wenzake watatu walishuka maporomoko ya Inga, mahali ambapo Mfaransa Philippe de Dieuleveult na wenzake walipotea mwaka 1985. Ujasiri wao naustahi. Ninachoomba ni kwamba tunapoyasimulia hayo tumkumbuke pia mvuvi aliyewaonyesha mkono upi wa mto una mchanga, na upi unaelekea kijiji kinachopokea wageni vizuri.

Chini ya Simi-Simi mto ni wa Walokele. Hawa ndio wafanyabiashara wa maji: kwanga, samaki wa kukaushwa, vyungu, mafuta ya mawese, vyote vilisafiri kwa mitumbwi yao kati ya Kisangani, Yangambi na Isangi. Ngoma zao zilitangulia mbele ya vyombo, zikitangaza nani anakuja na kabeba nini. John Carrington, mmisionari aliyeishi Yakusu, alijifunza ngoma hizo na kuandika kitabu juu yake mwaka 1949. Daktari Clement Chesterman, aliyefika Yakusu mwaka 1920 kupambana na malale, asingeweza kuvifikia vijiji vya kando ya mto bila wapiga kafi. Dawa zilikwenda kwa mikono yao.

Leo injini zimechukua nafasi. Boti kubwa za mbao zinazoitwa balenyeri zinapita na abiria, mbuzi, pikipiki na magunia, na kila mwaka tunasikia moja imepinduka mahali fulani katika nchi hii, mara nyingi usiku, mara nyingi kwa kuzidisha mzigo, mara nyingi bila jaketi hata moja ndani. Serikali hutangaza marufuku ya kusafiri usiku, wiki mbili zikipita taa za simu zinaonekana tena zikishuka mto. Inanitia uchungu. Mzee wa kafi hasafiri usiku na hapakii mpaka maji yafike kwenye ukingo, kwa sababu anamsikia mto kwenye unyayo wake. Kijana wa injini anasikia injini. Ujuzi wa kusoma maji haukuondoka kwa sababu haufai. Umeondoka kwenye usukani kwa sababu hakuna aliyeuomba ubaki. Ningependa kila anayepewa kibali cha kuongoza balenyeri kutoka Kisangani apimwe kwanza kwenye mtumbwi, na apimwe na mzee wa Kigenia au wa Kilokele anayelipwa kwa kazi hiyo.

Na ningependa mashindano. Douala, Kamerun, watu wa Sawa hukutana kila Desemba kwenye mto Wouri kwa sherehe ya Ngondo, na mbio za mitumbwi mirefu ni sehemu yake. Mwaka 2024 UNESCO iliingiza Ngondo katika orodha ya urithi wa binadamu. Kisangani ina kila kinachohitajika. Mstari wa kuanzia uwekwe chini ya maporomoko ya Wagenia, mbio zipite mbele ya bandari na kanisa kuu, watu wakiwa wamejaa ukingoni pande zote mbili, na mwisho uwe Simi-Simi. Mbio za wanawake ziwepo, kwa kuwa wanaovuka na mizigo sokoni kila siku ni wao, na sioni sababu ya kuwapa nafasi ya kupiga vigelegele tu. Washindi wapewe mashine ya kushona, baiskeli, mabati, vitu ambavyo familia inavihitaji. Kila mshiriki avae jaketi na aondoke nalo.

Kwa msomaji asiyetaka kusubiri mashindano, njia ipo. Shuka ukingoni Simi-Simi asubuhi mapema, kabla ya jua kuwa kali, uulize mtu wa kukupeleka hadi mdomo wa mto Lindi, ambao umekwisha kupokea maji ya Tshopo, na ukiwa na nguvu endelea hadi Yakusu. Kwenda ni kushuka, na kurudi ni kupanda, kwa hiyo elewaneni bei ya safari nzima kabla hujakanyaga mtumbwi, wala usipunguze bei kana kwamba unanunua nyanya. Chagua chombo ambacho ndani ni kikavu kikiwa kimeegeshwa. Viraka vya bati si neno, ila maji yaliyosimama chini yana maana yake. Chukua jaketi lako mwenyewe, kwa sababu hutalikuta. Ukiwa na mtoto, mvue viatu. Novemba na Desemba mto huwa umejaa, una magogo na visiwa vya magugu maji vinavyoelea, basi mwache mwenye mto aamue kama kunaendeka, na akisema hapana mshukuru, urudi siku nyingine. Omba kafi. Watakucheka kidogo, kisha mzee atakuonyesha pa kuweka mguu wa mbele. Mkigeuza pale Lindi saa nne mtakuwa mmeambaa ukingo na kufika Simi-Simi kabla upepo wa alasiri haujaanza.